Uzoefu wangu: wakala wa ajira za Oman, nikisubiri visa nikiwa Mtwara (nyota tatu)

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezizuia, na si kwa sababu ya kucheleweshwa, maana sehemu kubwa ya ucheleweshaji haikutoka kwao. Nimezizuia kwa sababu kila nilipouliza faili langu liko wapi, walinipa tarehe.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimesoma VETA Mtwara. Kabla ya kuondoka nilikuwa kwenye karakana moja Chuno: mageti, grili, matela, na vibarua vya mabomba vikitokea. Wakala ni wa Dar es Salaam, jina nalihifadhi. Nilianza kwa kuulizia TaESA, taasisi ya serikali ya huduma za ajira, kama amesajiliwa, na nilipohakikishiwa ndipo nikatuma vyeti. Usaili ulifanyika kwa video mwanzoni mwa 2024. Mwajiri ni kampuni ya kazi za vyuma Sohar, kaskazini mwa Oman. Hapo sina lawama hata kidogo. Walitaka kuona mkono wangu, nikachomelea bomba huku mwenzangu ameshika simu, na msimamizi wa kule akauliza maswali ya mtu anayeijua kazi. Ofa ikaja na mshahara ulioandikwa wazi, naanza mwezi wa tano.

Wiki ileile wakala akapiga simu: "Acha kazi kaka, kaa mkao wa kuondoka."

Sikuacha. Nilikaa na bosi, nikamweleza, tukaelewana nilipwe kwa kila kazi niliyomaliza badala ya mshahara wa mwezi, ili siku nikiitwa nisimwachie pengo. Kati ya yote niliyofanya wakati ule, hilo ndilo lililotuokoa nyumbani. Kwenye kundi letu la WhatsApp alikuwepo kijana wa Lindi Mjini aliyefuata ushauri wa wakala, akaacha kazi na kuuza pikipiki kabla hata kibali cha kazi hakijaombwa. Alikuwa akituma ujumbe usiku wa manane, "jamani kuna mpya?", na sote tunajua mtu anayeuliza hivyo saa nane usiku hali yake ikoje.

Ofa ilipopatikana, Ramadhani nayo ikaingia, Machi. Oman mwezi huo saa za kazi kwa Waislamu hupunguzwa kuwa sita kwa siku, kisha inakuja Idi na mapumziko yake. Hili wakala anayefanya kazi na Waarabu kila siku alipaswa kutuambia mapema, badala ya "wiki ijayo, inshallah". Tena kuna jambo dogo ambalo nililigundua mwenyewe: wao mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, sisi Jumamosi na Jumapili, nao wametutangulia saa moja. Ukituma swali Alhamisi jioni, usimlaumu mtu hadi Jumatatu. Baada ya kulijua hilo nilianza kuandika Jumapili usiku, ili ujumbe wangu uwe miongoni mwa ya kwanza wiki ikianza huku kwetu.

Idi ikapita, kimya. Wakala akisema "tatizo lipo ubalozini". Basi nikamwandikia barua pepe afisa wa rasilimali watu wa kampuni, anwani yake ilikuwa kwenye ofa. Nilimuuliza swali moja: kibali cha kazi kimeshatoka au bado, na kama kimetoka naomba namba yake. Akajibu kiungwana. Bado. Kampuni ilikuwa inahangaika na kiwango cha raia inachotakiwa kuajiri. Sheria za kule zinadai kila kampuni iwe na Waomani kwa kiasi fulani, na isiyofikisha hukwama inapoomba vibali vya wageni. Kwa hiyo ubalozi wa Oman ulikuwa haujapokea chochote kinachonihusu zaidi ya vyeti vyangu vya VETA, ambavyo vilikwisha kugongwa mihuri zamani. Visa yenyewe ya kazi huombwa na mwajiri kulekule baada ya kibali cha Wizara ya Kazi, na hutolewa na Polisi wa Kifalme wa Oman.

Tangu siku ile nililala vizuri zaidi, ingawa jibu lenyewe lilikuwa baya. Nilimwomba pia anipe barua mpya, kwa kuwa tarehe ya kuanza kazi ilikuwa inapita na sikutaka kufika kule na karatasi iliyokufa. Ile mpya iliandikwa kwamba mkataba unaanza siku nitakayowasili. Mkataba huo ukapitishwa ubalozi wetu Muscat, na hapo niseme kweli, wakala alifuatilia bila kusukumwa.

Kupima afya ndiko kulikoniumiza. Nchi za Ghuba zina mfumo wao, Wafid, wengi bado wanauita Gamca. Unapangiwa kituo, unapigwa picha ya kifua, unatolewa damu. Vituo viko Dar. Wakala alinipangia mapema mwezi wa tano bila hata kuuliza niko mkoa gani. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapiga pwani ya kusini, barabara ikakatika Somanga, na Mtwara na Lindi tukawa kama kisiwa. Waliokuwa na haraka walizungukia Masasi, Tunduru, Songea, hadi kutokea Makambako, nauli unaijua mwenyewe. Nilipowaeleza, yule dada wa ofisini akaniuliza kwani siwezi kupanda basi la usiku. Basi lipi dada, na daraja limeondoka na maji! Mjomba wangu wa Newala akanikopesha nauli ya ndege, akasema nitamrudishia kabla hajaanza kupulizia mikorosho.

Nikapima, nikafaulu. Kibali kikachelewa tena, na majibu ya afya yakaisha muda. Kupima upya kwa hela yangu. Kama wangesubiri namba ya kibali ndipo wanipangie tarehe, nisingelipa mara mbili, na nafikiri hilo wanalijua ila wanapenda faili lionekane limejaa.

Halafu ikaja simu ya "hela ya kuharakisha visa". Niliomba risiti yenye jina la ofisi na maelezo ya malipo, simu ikakatwa, na habari hiyo haikurudi tena kwangu. Yule wa Lindi alilipa. Hela ile hakurudishiwa, na visa yake ilitoka siku moja na yangu.

Nyumbani nako kuna kazi yake. Mtwara si mji mkubwa, ukienda Soko Kuu kununua samaki unaulizwa, "Wewe bado upo? Mwarabu kakukataa?" Mama alitaka tusome dua ya safari tangu Aprili. Nilimwomba tusubiri tiketi, akanuna, mjomba akamtuliza. Mke wangu yeye alikuwa na jibu moja kwa majirani: "Ataondoka akiondoka." Hakuongeza neno, na watu wakachoka kuuliza.

Visa ilipotoka nilitumiwa kwenye WhatsApp. Kabla ya kuaga karakana niliingiza namba zake kwenye tovuti ya Polisi wa Oman, nikaona jina langu, namba ya pasipoti na kazi niliyoombewa, kuchomelea, sio "mfanyakazi wa kawaida". Ndipo dua ikasomwa, na mama akapika pilau kwa hasira zilizobaki.

Nafanya kazi Sohar sasa. Mshahara ni ule wa kwenye ofa, chumba tunalala wanne, na kuanzia Juni hadi Agosti kazi za nje husimama saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, sheria inayofuatwa kweli. Kwa hiyo kazi waliyonipatia ni halali, nyota tatu hizo wamezitolea jasho. Kwa aliyeko Dar na ana akiba kidogo, wanatosha. Kwa aliyeko Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea ningemwambia awaandikie kabisa kabla ya kusaini: hakuna kupangiwa tarehe ya kupima bila namba ya kibali, na nakala ya kila barua pepe ya mwajiri aipate yeye pia.

Risiti ya kupima mara ya pili nilimpa mhasibu wa huku na ikalipwa kwenye mshahara wa kwanza. Nauli ya ndege ya wakati wa mafuriko niliwaandikia wakala. Hawajajibu.