Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012: laki moja na nusu inatosha kuifufua?

Karibuni tena, watazamaji wangu. Kabla sijasema lolote, sikilizeni kwanza. Huo mkwaruzo mnaousikia ni "hadi diski" (hard disk), yaani diski inayohifadhi mafaili, ya kompyuta ya dada yangu, mwenye steshenari huku Mbagala, Dar es Salaam. Tangu nibonyeze kitufe cha kuwasha mpaka Word ikafunguka, saa yangu imesoma dakika nne na sekunde kumi. Mteja aliyekuja kuchapa barua ya maombi ya kazi hakai kusubiri muda wote huo. Anavuka barabara, anaenda kwa jirani.

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, zile za mtumba zilizotumika maofisini huko nje. Ina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel Core i5-3470, ramu (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) GB 4, hadi diski GB 500. Fundi mmoja alimwambia dada aitupe anunue nyingine. Hela hiyo hana. Alichonacho ni laki moja na nusu.

Sasa tazameni hapa kwenye skrini, maana hili ndilo watu wengi wanaliruka. Nimefungua lile dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya mashine. Prosesa haifiki hata asilimia 20. Diski iko asilimia 100, na haishuki. Kwa hiyo anayekuuzia prosesa ya i7-3770 yenye nguvu zaidi, kwa sababu tu inaingia kwenye soketi (tundu la prosesa) hiyohiyo, hajatibu ugonjwa. Kwa kazi za Word na intaneti, dada asingeona tofauti ya maana.

Hela ya kwanza imeenda kwenye SSD, diski ya kisasa inayochukua nafasi ya hadi diski: GB 240, mpya, shilingi 65,000. Hadi diski ina sahani inayozunguka na kichwa kinachohangaika kutafuta mafaili, huku yamesambaa kila kona. SSD haina kitu kinachozunguka, inakwenda moja kwa moja penye faili. Chukueni inayotumia waya wa SATA, sawa na hadi diski, ya inchi 2.5. Msikubali kuuziwa ile nyembamba ya M.2, kwa sababu mazabodi hii (bodi kuu ya ndani) haina sehemu ya kuichomeka. Na kama mnanunua iliyotumika, mwombeni muuzaji aichomeke, mfungue programu ya CrystalDiskInfo, msome afya yake na saa ilizofanya kazi. Akikataa isipimwe, ondokeni.

Ramu nimeongeza kipande kimoja cha GB 4, cha aina ya DDR3 inayotumika humu, shilingi 25,000, sasa ziko GB 8. Nimetafuta kipande chenye spidi sawa na kile cha zamani ili vifanye kazi kwa jozi. Picha za mashine hii zinachorwa na prosesa yenyewe kwa kuazima ramu, kwa hiyo jozi inasaidia hata huko. Angalieni urefu: kipande cha laptopu ni kifupi, hakiingii hapa. Na cha DDR4, aina mpya zaidi ya ramu, pengo lake liko mahali pengine, kwa hiyo msikisukume kwa nguvu, mtavunja sehemu ya kuchomekea.

Vumbi nimelipuliza, pesti inayotoa joto kwenye prosesa nimebadilisha kwa shilingi 5,000. Hiyo ni dakika kumi tu.

Kwenye mfumo endeshi nimefikiri sana. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Hii ni ya kizazi cha tatu. Njia za kulazimisha zipo, lakini siwezi kumwachia dada mashine ya biashara iliyosimama kwa mbinu. Nimemwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Steshenari inapokea flashi za kila mtu, na virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows havipati pa kushika humo. Kasoro ipo: hati nyingine za Word zenye majedwali zinavurugika kidogo zikifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia inayotumika huku badala ya Word, hivyo dada anamwonyesha mteja kwanza kabla ya kuchapa. Kama kazi yako inategemea programu ya Windows pekee, njia hii si yako.

Tuwashe. Sekunde 26, na LibreOffice, Word ya huku, imefunguka. Dada yuko nyuma ya kamera, amenyamaza kabisa.

Jambo moja lililobaki ni dogo, ila lilimsumbua miezi. Kila umeme ukikatika, tarehe ilikuwa inarudi nyuma miaka, halafu tovuti za maombi zinakataa kufunguka, zinadai muunganisho si salama. Alidhani ni intaneti, akawa ananunua bando jingine. Kumbe ni hii betri ya CR2032 hapa kwenye mazabodi, inayotunza saa na tarehe umeme ukikatika, imeisha. Mpya shilingi 2,000. Jumla tumetumia 97,000, na hiyo 53,000 iliyobaki anaanzia kuweka akiba ya UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika.