Bandeji ya krepu, jeli ya diklofenaki na dawa ya kuchua: ipi inamfaa aliyechanika msuli?

Mchezaji akishika nyuma ya paja na kukaa chini, kwenye viwanja vingi vya ndondo kitu cha kwanza kutoka mkobani ni dawa ya kuchua. Hiyo ndiyo ilipaswa kubaki humo. Hapa tunapima vitu vitatu vinavyopatikana karibu kila duka la dawa: bandeji ya krepu, jeli ya diklofenaki (dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe) ya asilimia 1, na dawa ya kuchua yenye mentholi na methili salisileti. Nafasi ya kwanza tunaipa bandeji, ingawa hakuna hata kimoja kati ya vitatu kinachounga msuli.

Kabla ya kununua, hakikisha kilichoumia ni msuli. Msuli uliobana hukaza ghafla, ukinyooshwa unalegea, na baada ya dakika chache mtu anatembea. Kuteguka huuma kwenye kiungo. Msuli uliochanika hushika katikati ya mbio au shuti, mahali pake unaweza kupaonyesha kwa kidole, na unauma ukinyooshwa na pia ukiukaza dhidi ya mkono wa mtu. Ukichanika nyuzi chache, nguvu zinabaki na mtu anatembea kwa maumivu. Ukichanika kwa sehemu kubwa zaidi, anachechemea na damu inavujia ndani. Damu hiyo huteremka, kwa hiyo jeraha la katikati ya paja linaweza kuonyesha alama yake nyuma ya goti siku ya pili au ya tatu. Kwenye ngozi nyeusi alama hiyo haionekani vizuri. Papasa na ulinganishe miguu miwili kwa uvimbe na ugumu. Aliyesikia mlio wa kukatika, mwenye shimo linaloshikika kwa vidole, au asiyeweza kupiga hatua nne, apelekwe hospitali. Apelekwe pia mwenye kigimbi kilichovimba na chenye joto bila kuumia popote, maana huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa.

Sasa bandeji. Wengi hukosea upana. Roli ya sm 7.5 ni ya kifundo cha mguu au cha mkono. Ukiifunga pajani hujikunja kingo na kubana kama kamba. Kigimbi kinataka sm 10, paja sm 15. Roli ya sm 15 yenye mita 4.5 ikivutwa huzunguka paja la mtu mzima mara saba au nane, na hiyo inatosha kutoka juu ya goti hadi karibu na kinena.

Mwenye kuumia asimame, goti likunjwe kidogo. Anzia juu tu ya goti kwa mizunguko miwili ya kushikilia, kisha panda, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, ukiivuta kama nusu ya uwezo wake wa kuvutika. Usianzie juu kushuka, utausukuma uvimbe chini. Kigimbi kikiumia, watu hukifunga chenyewe tu, na jioni unyayo umevimba; anzia karibu na vidole vya mguu na uviache wazi. Vibanio vya chuma vyenye meno vinavyokuja na roli hufunguka na kuchoma ngozi, malizia kwa plasta. Baada ya dakika kumi bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka upauke, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au mguu ukifa ganzi au kuwa baridi, fungua ufunge upya. Usiku ivuliwe.

Barafu haihitaji duka. Ifunge kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15, na usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Inapunguza maumivu, na tunaishauri kwa hilo tu. Hata Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeieneza kanuni ya barafu mwaka 1978, baadaye alikubali kwamba inaweza kuchelewesha kupona.

Jeli ya diklofenaki ni dawa nzuri inayotumiwa vibaya. Kipimo cha mtu mzima ni gramu 2 hadi 4, mara tatu au nne kwa siku. Ukipaka gramu 3 mara tatu, tyubu ya gramu 30 inaisha siku ya nne. Anayekaa nayo miezi miwili anapaka mafuta tu. Sambaza taratibu bila kukandamiza, nawa mikono, acha ikauke kabla ya kuvaa. Isipakwe kwenye kidonda, na mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho asiitumie. Wako wataalamu wa michezo wanaoikataa siku za mwanzo, kwa kuwa uvimbe ni sehemu ya kupona. Sisi tungeiweka kwa maumivu yanayonyima usingizi.

Dawa ya kuchua haifai kabisa kwa saa 72 za kwanza. Joto lake ni hisia ya neva za ngozi, na mchua misuli anaposugua msuli uliochanika anaongeza damu inayovuja. Damu nyingi iliyoganda ndani ya paja huweza kugeuka mfupa, na kusugua mapema huchangia. Usiifunike dawa hii kwa bandeji wala kuweka chupa ya maji ya moto juu yake: ngozi inaungua na salisileti inaingia mwilini kwa wingi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, au anayedhurika na aspirini, asiiguse. Kwa msuli uliochoka bila kuchanika, itumike.

Kinachorudisha msuli ni kuupa kazi kidogo kidogo: kutembea mara maumivu yakiruhusu, kisha kuukaza, kisha mbio nyepesi, na kasi kamili mwishoni kabisa. Kwa misuli ya nyuma ya paja lipo pia zoezi la kinga lisilotaka kifaa. Piga magoti, mwenzako ashike vifundo vyako, shuka mbele polepole ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja. Wiki ya kwanza siku moja tu, seti mbili za mara 5. Kuanzia wiki ya tano siku tatu kwa wiki, seti za 12, 10 na 8. Uchambuzi wa tafiti wa mwaka 2019 ulikuta timu zilizofanya zoezi hili zilipunguza majeraha ya misuli hiyo kwa takriban nusu. Ukianza na seti kubwa, utaumwa mapaja wiki nzima na kuacha.

Ukinunua bandeji, ivute pale pale dukani uone kama inarudi. Ifue kwa mkono na sabuni, usiikamue kwa kuisokota, ianike kivulini ikiwa imelazwa. Ikining'inizwa uzito wa maji unaivuta. Siku itakapogoma kurudi, ishikilie pamba ya kidonda, kubana haiwezi tena.