Nikipunguza mwendo inapiga "ko ko", gereji ikanibadilishia taimingi cheni

Nilitaka kuandika kwa upole, ila nikiiangalia ile risiti upole unaisha wenyewe.

Pikipiki ni ya kawaida, silinda moja, aina hizi zinazobeba abiria mji mzima, breki ya nyuma ya drami. Ukiachia mafuta inapiga "ko". Ukiwa unakaribia kusimama na bado umo kwenye gia ya pili inakuwa "ko-ko-ko-ko" mpaka unaisikia kwenye vikanyagio. Ukivuta mafuta tena inagonga mara moja halafu kimya. Nikayaeleza hivyo hivyo pale kaunta, gereji kubwa tu ya hapa Dar, mafundi wana sare na ukutani kuna bei. Fundi mkuu hakungoja nimalize. "Bosi, hiyo taimingi cheni. Wewe kazi yako kuendesha, hii tuachie sisi." Anasema ile cheni ya ndani ya injini inayoendesha valvu, si ile ya kuzungusha gurudumu.

Akaipandisha stendi kubwa, akawasha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na sikio kwenye mpini. Akatikisa kichwa kama daktari. Sasa jamani, kelele inatoka pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, utaisikia vipi imesimama? Na taimingi cheni ikilegea haingoji upunguze mwendo. Inachakacha upande wa silinda pikipiki ikiwa nyutro, hasa ukivuta mafuta kidogo na kuachia ghafla. Yangu nyutro ilikuwa kimya kabisa, na nilimwambia.

Elfu themanini na tano, pamoja na gasketi na oili. Cheni ya zamani nikaomba niione, nikaambiwa "imeshatupwa". Pikipiki ikatoka getini na kelele yake ile ile.

Kinachoniudhi zaidi ya hela ni kwamba jibu lilikuwa dakika tano za barabara. Kupunguza mwendo ni mambo mawili, kuachia mafuta na kushika breki, na fundi asiyeyatenganisha anabahatisha. Tafuta barabara nyoofu isiyo na magari, mwendo wa 30 hivi, gia ya tatu. Achia mafuta tu, breki usiguse. Ikigonga, rudia, ila safari hii mara unapoachia mafuta shika na klachi. Kelele ikipotea, basi inatokana na gurudumu kuisukuma injini: angalia cheni, sproketi na raba za habu, yaani zile za ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kelele ikibaki hata klachi ikiwa imeshikwa, acha habari za injini, nenda kwenye beringi za magurudumu. Isipotokea kabisa mpaka uguse breki, ni breki au vinavyoishikilia. Yangu ilipotea kila niliposhika klachi. Hilo nalo nililisema kaunta.

Niliporudi na kelele ile ile wakahamia breki shuu. Wakafungua drami, wakabadilisha, bila kuniuliza. Zile walizotoa nilizichukua, safari hii sikukubali zitupwe: bitana yake, ile sehemu inayosugua drami, bado milimita tatu na zaidi, na kwa kawaida hubadilishwa ikikaribia mbili. Breki shuu iliyokwisha inakwaruza au kulia ukiikanyaga, haigongi ukiwa hujaigusa. Kama zinalia tu kwa vumbi, unafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu (usilipulize, si la kuvuta puani), unakwaruza uso uliong'aa kwa msasa, unaweka grisi chembe kwenye ekseli ya kamu, ile inayozitanua shuu, basi. Grisi ikigusa bitana umeiua.

Nilikuwa nimeshaamua nyota sifuri. Kisha kijana mmoja wa kujifunza, aliyekuwa anaosha kabureta pembeni, akasogea na kusema taratibu, "Kaka, naweza kuangalia habu?" Injini imezimwa, pikipiki juu ya stendi kubwa, akaingiza gia ya kwanza ili sproketi ya mbele isizunguke. Akashika tairi la nyuma kwa mikono miwili, akalisukuma mbele na nyuma, macho yake kwenye sproketi ya nyuma. Cheni ilikuwa imekaza, sproketi imetulia, lakini habu ilikuwa inacheza karibu upana wa kidole. "Ko, ko." Kelele yangu, imesimama, bila bisibisi ya mtu.

Lilipotoka gurudumu, ndani ya habu mlikuwa na unga mweusi. Raba moja imepasuka vipande viwili, nyingine zimesinyaa na kingo zimeng'aa, na kwenye kuta za alumini kuna alama nyeupe pale mabawa ya kibebeo cha sproketi yalipokuwa yanagonga chuma kwa chuma. Kazi ya raba hizo ni kupokea mgongano. Ukivuta mafuta mabawa yanazibana upande mmoja, ukiachia yanazibana upande wa pili. Zikisinyaa pengo linabaki, na kila mzigo unapogeuka bawa linaruka lile pengo na kupiga ukuta. Ndiyo maana inazidi kwenye gia ndogo na mwendo mdogo, injini inapovuta kwa mishtuko.

Seti ya raba nilipewa chenji kwenye noti ya elfu kumi. Zingatia zikae kwa kubana. Zikiingia kwa kidole bila kusukuma, ama si saizi yake, ama habu yenyewe imelika. Zikigoma, paka maji ya sabuni, si oili, maana oili inailainisha raba ikavimba na kuoza. Wale wanaokata tyubu kuukuu na kuchomeka vipande kwenye mapengo, sawa, itakufikisha nyumbani, ila tyubu ni laini, itajikunja na kelele itarudi, huku habu ikiendelea kulika. Na ukiwa umeshafungua, zungusha beringi ya kibebeo kwa kidole. Ikikwaruza, ibadilishe hapo hapo, kwa sababu sproketi inayoyumba pembeni itamaliza raba mpya. Cheni unairudisha ikiwa na mchezo wa sentimita mbili na nusu hadi tatu katikati, upande wa chini, alama za kurekebishia cheni, kushoto na kulia, zikilingana. Kitabu cha pikipiki kikisema vingine, fuata kitabu.

Kelele ikaisha. Nikasema moyoni, nyota tatu kwa ajili ya kijana.

Halafu nikachuchumaa kukagua. Kuna ule upau unaoishika sahani ya breki isizunguke na gurudumu. Aliyefunga mwishoni alikuwa fundi mkuu, kijana alishaondolewa akaambiwa arudi kwenye kabureta. Nati ya upau ilikuwa imekazwa kwa mkono tu na spliti pini, ile ya kuizuia nati isifunguke, haipo. Nati hiyo ikilegea utasikia kwanza mlio mmoja wa kugonga kila ukikanyaga breki na mwingine ukiachia. Ikitoka, sahani inazunguka, fimbo ya breki inajikunja, gurudumu linaweza kukamata ghafla na abiria nyuma. Kumwonyesha, jibu lake: "Aah, hiyo ndogo." Akaokota kipande cha waya chini, akapitisha tundu, akakisokota.

Spliti pini. Kitu cha bei ya pipi. Niliinunua mwenyewe duka la jirani, nikaipitisha mwenyewe, nikakunja miguu yake huku na huku mbele yao.

Kwa hiyo nyota ni ngapi? Kijana tano, na anastahili gereji yake. Gereji sifuri, na hiyo ni kwa sababu chini ya sifuri hakuna. Ukilazimika kwenda, maana spea zao kusema kweli ni halisi na zile raba zimetulia mpaka sasa, usikubali wafungue injini kabla mtu hajaipanda pikipiki na kuiendesha, na usiondoke bila kushika kwa mkono kila nati ya gurudumu la nyuma.

Breki shuu zangu wameninunulisha bure, elfu themanini na tano sitaziona tena, hayo nimeyaacha. Ila ile taimingi cheni ya zamani haikutupwa, niliiona imening'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta, imefutwa oili, inangoja pikipiki ya mtu mwingine. Ni yangu. Naitaka.