TAHADHARI TANGA: ukiambiwa uvue pete ya dhahabu kabla ya kupaka hiyo "krimu ya mimea ya Usambara", kimbia

Jamani wakina mama wa Tanga, nyie wa Ngamiani, Chumbageni, Makorora mpaka Muheza huko, nawaomba mnisome hata kama ni ndefu, maana mi aibu nshaimaliza, uso wenyewe mnauona njiani.

Kuna bi dada anauza krimu ya kuzuia uzee kwenye magrupu ya WhatsApp. Kikopo cheupe cha gramu 50, elfu 65, duka hana, unatuma hela kwenye simu na ya kutolea juu, bodaboda anakuletea. Jina lake sitaji, waliouziwa watamjua kwa maneno yake. Anasema imetoka msitu wa Amani, ina mlonge, ina manjano, ina mwarobaini, ina "retinoli ya mimea", na kubwa kuliko zote ina lile ua la zambarau la Usambara, lile ambalo wazungu wanalipanda kwenye vyungu madirishani kwao. Mikunjo inaondoka ndani ya wiki moja. Na sisi watu wa Tanga ukishatutajia Amani tunalainika, viungo si tunaona vinashuka kutoka kule, iliki, mdalasini, karafuu, kwa hiyo mtu akikwambia kakukamulia dawa ya uso milimani unaona aah, hiki cha kwetu. Mi nina miaka 47 na mtoto wa dada alikuwa anaolewa, nikasema ngoja na mimi nikakae mbele na sura inayoeleweka.

Akanitumia na voisi. "Mamii, usiku kabla hujapaka hakikisha umevua pete na bangili za dhahabu, mimea yake ina nguvu sana." Nikacheka, nikavua.

Siku ya tano hivi uso ulikuwa unateleza. Sisemi uongo, ilifanya kazi, na hapo ndo penye mtego, kama ingekuwa haifanyi kitu ningepoteza elfu 65 yangu yakaisha. Weupe umekuja, vidoa vimefifia, kwenye harusi kila mtu "we dada unakula nini", na mi mjinga nikampa namba yake watu wanne, mmoja wao mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano. Bi dada akamwambia paka tu mpenzi, mimea haina madhara hata kwa mjamzito.

Nimetumia vikopo viwili. Cha tatu akachelewa kuleta, nikakaa siku kama nne bila kupaka, weeee. Uso ukawaka kama nimepakwa pilipili, ukavimba, ukawa mwekundu, vipele vidogo vidogo kuzunguka mdomo, mashavuni vimishipa vinaonekana kama ramani, na kidevu kikaota malaika mi ambaye sijawahi kuwa na ndevu. Nikipaka tena kinatulia, nikiacha kinarudi kibaya zaidi. Nikamwambia bi dada, akanijibu eti "ngozi inatoa sumu ya zamani, vumilia". Nikavumilia wiki nzima jamani.

Daktari wa ngozi aliponiona hakuuliza mengi, kaangalia mashavu akasema mama ulikuwa unapaka krimu ya kung'arisha. Nikasema hapana dokta, ya mimea. Akatabasamu, nadhani anaisikia kila siku. Akanieleza kwamba hizo ni dalili za steroidi kali, zile za kundi la clobetasol ambazo hospitali wanaandikia mtu mwenye ugonjwa wa ngozi, kwa muda mfupi, na usoni wanaogopa kabisa kuziweka. Zinabana mishipa ya damu na kuzima uvimbe, ndo maana unang'aa fasta, lakini huku chini zinakondesha ngozi. Yaani nimenunua dawa ya kuzuia uzee ambayo inaifanya ngozi iwe nyembamba kama ya bibi kizee, ukifikiria unaweza kucheka ukalia.

Sasa ile habari ya pete ilikuwa bado inanikera. Nikapita kwa fundi sonara mmoja kule barabara za Ngamiani, nimempelekea hereni, nikamuuliza tu, hivi fundi kuna majani gani yanaharibu dhahabu? Akaacha kazi akaniangalia. "Majani hakuna. Inayokamata dhahabu ni zebaki, waulize wachimbaji wa Handeni." Nikasikia mwili umekufa ganzi. Wachimbaji wadogo wanatumia zebaki kwa sababu inashikana na dhahabu, na kwenye krimu za kujichubua zebaki inawekwa kwa sababu inazuia ngozi kutengeneza rangi. Inaingia mwilini, inakula figo, na kwa mjamzito inapita mpaka kwa mtoto. Nimepiga simu kwa mdogo wangu nikiwa palepale kwenye benchi la sonara nalia. Ameshaenda kliniki kuwaeleza, na wamemchukua vipimo.

Karatasi ya maabara ya kikopo chenyewe sina, nisiwadanganye. Ninachosema ni alichoona daktari usoni kwangu na alichoniambia muuzaji mwenyewe kwa mdomo wake kuhusu pete, voisi ninayo.

Na kingine ambacho ningeona mapema kama ningetumia akili, kikopo kimeandikwa "imethibitishwa na TFDA". Mpwa wangu ndo kanishtua, anti hiyo TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, haipo tangu 2019, ilibadilishwa ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba, na vipodozi vikahamia TBS, shirika la viwango. Kikopo kimetengenezwa mwaka jana. Orodha ya vilivyomo pia hamna, kuna picha ya jani tu na neno "asilia".

Halafu nikaanza kusoma hiyo retinoli ya mimea ni nini hasa. Kipo kitu kweli, kinaitwa bakuchiol, kinatoka kwenye mbegu za mmea wa babchi unaotumika sana India, wala siyo Amani. Wameshakilinganisha na retinoli yenyewe, ile ya vitamini A inayopakwa kupunguza mikunjo, utafiti wa 2018, watu 44, kila mmoja kipimo cha asilimia 0.5, na mikunjo ilipungua karibu sawasawa huku bakuchiol ikiwasha kidogo kuliko retinoli. Lakini ilikuwa wiki 12. Kumi na mbili! Tena kupungua, siyo kuondoka. Mimea inaenda mwendo huo. Hata vitamini C ya kupaka ambayo ni nzuri kweli inakwenda polepole, na ikishabadilika ikawa ya kahawia imeharibika. Bibi yetu alitutwangia singo miaka yote, liwa na karafuu, mikunjo yake alizikwa nayo, ila hakuna hata mmoja singo ilimtoa malengelenge. Daktari kaniambia kinachozeesha uso zaidi ya chochote ni jua, na jua la Tanga mnalijua, akaniandikia krimu ya kuzuia jua akasema mtandio na mwavuli navyo ni dawa. Bei ya mwavuli mnaijua.

Mwenye kikopo hicho nyumbani, kama umekitumia muda mrefu usiache kienyeji kama mimi, nenda kwa daktari akuangalie uachaje, na uende nacho mkononi. Usimpe mtu mwingine, usimpake mtoto, na mkipaka mnalala na watoto kitanda kimoja inahamia kwenye mashuka na kwao. Mi changu nimekifunga kwenye mfuko nimepeleka TBS pamoja na risiti za kutuma hela na ile voisi.

Bi dada alinibloku siku niliyomtajia neno zebaki. Jana shoga yangu kanionyesha stetasi yake mpya, kikopo kilekile, lebo imebadilishwa, sasa hivi ni ya Lushoto na imefika elfu 80, na chini kabisa kwa herufi ndogo: vua vito kabla ya kutumia.