Mastaz ya sheria ya ardhi, madarasa ya jioni Dar: nimemaliza, nasema yote

Kila nikikutana na mtu aliyemaliza LLB, digrii ya kwanza ya sheria, ananiuliza eti ile mastaz yako ya ardhi inalipa? Nimechoka kurudia stori, naandika mara moja tu. Jina la chuo silitaji, jua tu kiko Dar, vipindi vinaanza saa kumi na moja na nusu jioni, miezi kumi na nane kwenye karatasi, kwangu ilikuwa miaka miwili na nusu na nitaeleza kwanini. Ada na vikorokoro vyote kama milioni sita.

Mimi niko benki, upande wa dhamana za mikopo, kila siku nashika hati miliki za watu, kwahiyo niliingia darasani na kiburi kidogo, naijua ardhi bwana. Kipindi cha pili tu kikanishusha. Profesa akauliza swali la kitoto kabisa, ardhi ya Tanzania ni ya nani? Tukajibu kwa mpigo kama watoto wa msingi: ya umma, Rais ni mdhamini, Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999. Akasema vizuri, sasa mzee anayelima shamba la babu yake kijijini bila karatasi yoyote, yeye ana nini? Kimyaaa.

Ndo tukaingizwa kwenye kesi ya Akonaay. Mzee Lohay Akonaay na mwanae Joseph walishinda kesi ya kurudishiwa shamba lao la kimila, halafu ikaja sheria ya 1992 inayofuta haki za kimila kwenye vijiji vilivyoanzishwa enzi za Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, na mahakama zikafungiwa mlango zisisikilize tena mashauri hayo. Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ikagoma, ikasema milki ya kimila nayo ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, huwezi kuifuta hivihivi bila fidia ya haki. Nilipokuwa digrii ya kwanza hii kesi niliijua kwa mstari mmoja wa desa, jina na kanuni basi. Hapa tulikaa nayo karibu mwezi, tukaisoma sambamba na mapendekezo ya Tume ya Shivji, tume ya kuchunguza mambo ya ardhi, ile iliyotaka ardhi ya vijiji iwe mikononi mwa mikutano mikuu ya vijiji yenyewe na serikali ikakataa, watu wakagombana darasani mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Kama ningetakiwa kulipia kipindi hicho peke yake ningelipa tu.

Semina nyingine iliyonifaa ni ya rehani na ridhaa ya mwenza, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi. Benki sisi tunachukua kiapo cha mteja kwamba ana mke au hana, tunapachika kwenye faili, maisha yanaendelea. Kumbe sheria inaitaka benki nayo ichukue hatua za kuhakikisha. Nimekumbuka mafaili mangapi yalipita mezani kwangu nikaona aibu peke yangu. Tena tukarudi nyuma mpaka Bi Hawa Mohamed, kesi ya 1983, iliyosema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Dada mmoja wakili msomi kabisa akatuambia wateja wake wanawake bado wanakuja wanasema mimi sikuchangia kitu, nilikuwa nalea tu.

Ila aliyenifundisha zaidi hakuwa mwalimu. Tulikuwa na kaka mmoja afisa ardhi wa halmashauri huko mkoani, kila nadharia ikitajwa anauliza, sawa, na bikoni, yaani mawe ya mipaka, ziko wapi? Huyo ndo alinielewesha mchoro wa mipango miji, upimaji, barua ya toleo mpaka hati vinavyofuatana na wapi vinakwama. Nikamtolea karatasi ya kiwanja changu Chanika, mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa na mashahidi wanne, nilikinunua nikiwa tayari mwanasheria, msinicheke. Akaisoma akasema una ushahidi kwamba ulitoa hela. Basi. Maana muhuri wa mtaa hauigeuzi kuwa hati.

Sasa machungu. Kwanza notsi. Kuna mwalimu alitupa desa la mabaraza linalosema Baraza la Kata linaamua mgogoro, wakati tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake imebaki kusuluhisha tu, wakishindwa ndo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nusu ya darasa waliandika hivyohivyo kwenye mtihani, wawili wakala sapu, na hakuna aliyeomba radhi. Laibrari nayo ina nakala za sheria za zamani hazina marekebisho. TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ndo imetubeba, ni bure, hukumu ziko pale, anza kuizoea kabla hujajiunga.

Pili supavaiza, msimamizi wa tasnifu. Nilituma sura ya kwanza mwezi wa tatu nikajibiwa mwezi wa nane, jibu lenyewe mistari miwili, "punguza" na "ongeza marejeo". Miezi kumi na nane yangu ilifia hapo. Ukienda, uliza waliokutangulia nani anajibu, usichague mtu kwa ukubwa wa jina.

Tatu, kila kitu Kiingereza. Sielewi kabisa. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaandikwa Kiswahili, ushahidi unatolewa Kiswahili, mzee wa shamba anaongea Kiswahili, halafu mimi utafiti wangu wa migogoro ya kijiji nautafsiri kwa Kiingereza ili usomwe na Mtanzania mwenzangu aliyezaliwa kijiji cha jirani.

Na hakuna siku hata moja tumepelekwa ofisi ya msajili wa hati. Mastaz ya ardhi, miaka miwili na nusu!

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama unatafuta cheo tu, au hujawahi kushika faili la ardhi la mtu, fanya kazi kwanza hata miaka miwili, vinginevyo utakariri vifungu na kurudi nyumbani. Kama una mafaili yanayokunyima usingizi, nenda nayo, ficha majina ya wateja, yaulizie darasani.

Ah na soketi za ukumbi ule zinazofanya kazi ni mbili tu, zote upande wa dirisha. Wahi, au beba ekstensheni yako.