TAHADHARI: RX 580 "zilizopandishwa" hadi 1500 MHz, usitume hela kabla hujapima

Wakuu, kuna tangazo la RX 580, kadi ya michoro (GPU) ya AMD, linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook, maneno yakibadilika kidogo tu: "RX 580 OC 8GB, nimeshaipandisha hadi 1500 MHz, inaenda sawa na GTX 1080." Linakuja na picha moja ya GPU-Z (programu inayoonyesha taarifa za kadi), bei iliyozidi ya RX 580 za kawaida, na sharti la kutuma hela kwanza. Unachouziwa hapo ni namba tu.

RX 580 ilipotoka mwaka 2017, AMD waliipa kasi ya msingi ya 1257 MHz na ya juu 1340. Kampuni zinazounda kadi zikaleta matoleo yao ya OC: 1366, 1386, 1411, chache sana 1450. Hizo herufi OC kwenye boksi maana yake kiwanda kimeshapandisha. Nafasi iliyokuwemo kwenye chipu wameshaila wao, wakabakiza kidogo ili kadi isikwame siku ya joto. Kutoka 1411 kwenda 1450 ni chini ya asilimia 3. Gemu inayotoa fremu 60 kwa sekunde, ikijitahidi sana, itatoa 61 au 62. GTX 1080, kadi ya Nvidia yenye nguvu zaidi, ni chipu nyingine kabisa. Mpinzani halisi wa RX 580 ni GTX 1060 ya 6GB.

Kuvuka hapo kunataka volti zaidi, na volti ndiyo inayoua kadi. Matumizi ya umeme hupanda sawasawa na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Peleka volti kutoka 1.15 hadi 1.20 na kasi iongezeke asilimia 3: chipu sasa inakula umeme zaidi kwa karibu asilimia 12, na wote unageuka joto. Joto hilo linazibana pia saketi zinazoilisha chipu umeme, ambazo kwenye kadi za bei nafuu zina kipande kidogo tu cha alumini juu yake, au hazina kabisa. Kadi ikigusa kikomo chake cha umeme au cha joto, inajishusha kasi yenyewe. Ndiyo maana kadi "ya 1500" inaweza kucheza gemu kwa 1280, chini ya kadi ya kawaida ambayo haijaguswa.

Sasa ile picha. Ukurasa wa kwanza wa GPU-Z unaonyesha kasi iliyoandikwa kwenye mipangilio, hauonyeshi kasi ambayo kadi inaifikia. Mtu anaweza kuandika 1500 kwa Afterburner (programu ya kubadilisha kasi ya kadi), akapiga picha, na kadi ikakwama sekunde kumi baadaye. Angalia mstari wa "Default Clock": ukiona 1366 pale na 1500 juu yake, imepandishwa kwa programu tu. Ukiona 1500 kwenye mistari yote miwili, ni hatari zaidi, maana baiosi ya kadi (programu ya ndani inayoipa kadi mipangilio yake) imebadilishwa.

Baiosi iliyochezewa ina harufu yake. Draiva za AMD kwenye Windows hukataa baiosi ya Polaris (familia ya chipu za RX 580) isiyo na saini halali, mpaka draiva yenyewe itiwe kiraka. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "usiapdeti draiva, itaharibika", amejianika mwenyewe. Siku utakayoweka Windows upya, kiraka kinapotea, kadi inaonyesha alama ya njano na Code 43 (Windows imeisimamisha kwa hitilafu), naye simu hapokei. Kadi nyingi za namna hii zimetoka kwenye uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum, uliokoma kwa kadi za GPU tarehe 15 Septemba 2022. Wachimbaji walibadilisha mipangilio ya memori, kwa hiyo kadi inaweza kuwasha vizuri kabisa halafu ikatapika kwenye gemu.

Kuna na wanaouza kitu kingine kwa jina hilohilo. RX 580 kamili ina shada (vitengo vidogo vya kukokotoa michoro) 2304. Ile ya 2048SP, iliyotoka mwaka 2018 kwa soko la China, ina 2048, yaani ni RX 570 yenye jina jipya. Mstari wa "Shaders" utakwambia. RX 480, kadi iliyoitangulia, nayo ina 2304, na watu huipiga baiosi ya 580, kwa hiyo hapo tazama soketi ya umeme. Pini 6 zinatoa wati 75 na sloti ya bodi wati 75, jumla 150. RX 580 rasmi inahesabiwa wati 185. "RX 580" yenye pini 6 peke yake, iulize maswali.

Kupima kunachukua nusu saa. Bonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio kwenye Afterburner, zima na uwashe kompyuta, kisha endesha Unigine Heaven (programu ya kupima kadi kwa michoro mizito) dakika 20 hadi 30 huku ukurasa wa "Sensors" wa GPU-Z uko wazi pembeni. Tazama kasi inayodumu baada ya dakika ya kumi, achana na ya mwanzoni. Skrini ikizimika na feni zikavuma kwa nguvu zote, au draiva ikianguka, mara nyingi ni kiini cha chipu au umeme wake. Vidoti vya rangi na miraba inayometameta ni memori. Memori ya GDDR5 ina ujanja mmoja: ikikosea husoma tena, kwa hiyo inaweza isionyeshe kidoti hata kimoja bali matokeo yakashuka tu. Fungua HWiNFO (programu ya kusoma vipimo vya kompyuta), tafuta mstari wa makosa ya memori ya GPU. Unatakiwa kubaki 0. Kadi inayoanguka hata kwa kasi yake ya kiwandani imeshachoka, usiichukue kwa punguzo lolote.

Kama muuzaji yuko mkoa mwingine, mwambie arekodi video moja isiyokatwa: stika ya nyuma yenye namba ya modeli, GPU-Z kurasa zote mbili, kisha Heaven dakika 20. Ile namba ya modeli itafute kwenye tovuti ya kampuni iliyounda kadi, ulinganishe kasi. Akisema hana muda, hela yako ibaki kwenye simu yako.

Kwa aliyekwisha kununua: kadi nyingi za RX 580 zina swichi ndogo ya baiosi mbili juu ya ubao. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, isogeze upande wa pili, jaribu tena. Ikikataa, nakili baiosi iliyopo kwa GPU-Z uiweke pembeni, halafu rudisha ya asili inayolingana na modeli, ukubwa wa memori na aina ya chipu za memori, iwe Samsung, Hynix, Micron au Elpida. Ukikosea aina ya memori, kadi inaweza isiwake kabisa.