Mafunzo tarajali yenye malipo katika sekta ya anga ya Marekani: tathmini ya programu tatu

Mwanafunzi wa chuo nchini Marekani anayetaka kutumia likizo ya majira ya joto akijifunza kazi katika kampuni ya roketi, karakana ya setilaiti au ofisi ya sera za anga ana njia mbili. Anaweza kupeleka maombi moja kwa moja kwa mwajiri, au anaweza kupitia programu zinazowachuja waombaji na kuwaunganisha na waajiri walio tayari kuwapokea. Tathmini hii inahusu njia ya pili, na hasa programu tatu zinazofanana kama watoto wa tumbo moja: Brooke Owens Fellowship, Matthew Isakowitz Fellowship na Patti Grace Smith Fellowship. Zote zimebeba majina ya watu waliotumikia sekta hiyo na kufariki, na zote humpa mwanafunzi kazi yenye mshahara pamoja na walezi wa kitaaluma waliobobea.

Iliyotangulia ni ile ya Brooke Owens, iliyoanzishwa kwa kumbukumbu ya rubani na mtaalamu wa sera aliyefariki mwaka 2016 akiwa na miaka 35. Kundi lake la kwanza liliingia kazini mwaka 2017, na iliwalenga wanawake walio katika shahada ya kwanza. Jambo linaloipa sifa ni kwamba haikuwafungia mlango wasiosoma uhandisi: mwanafunzi anayejiandaa kusomea sheria, au anayesoma uandishi wa habari au uchumi, anaweza kupangiwa mwenyeji, yaani mwajiri wa kumpokea, anayemfaa, kwa kuwa kampuni ya setilaiti huhitaji pia watu wa kuandika mikataba na kuizungumzia kazi yake kwa lugha inayoeleweka. Ya Isakowitz ilifuata baada ya kifo cha Matthew Isakowitz, kijana mhandisi, mwaka 2017, naye alikuwa na miaka 29 tu. Hii imejikita katika kampuni binafsi za anga za juu, na humfaa zaidi mwanafunzi anayekaribia kuhitimu au aliye katika shahada ya juu.

Ya tatu ndiyo ambayo ningependa wasomaji wenye asili ya Afrika waifahamu kwa undani. Patti Grace Smith alikulia Tuskegee, Alabama, na akiwa bado mwanafunzi alikuwa miongoni mwa walalamikaji katika kesi ya mwaka 1963 iliyopinga ubaguzi wa rangi katika shule za umma za Wilaya ya Macon. Baadaye aliongoza kitengo cha usafiri wa kibiashara wa anga za juu katika FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na ni chini ya uongozi wake ndipo chombo cha SpaceShipOne kilipopata leseni kabla ya kuruka kutoka Mojave, California, Juni 2004, kikawa chombo cha kwanza cha fedha binafsi kumfikisha binadamu anga za juu. Programu yenye jina lake ilianzishwa mwaka 2020 kwa ajili ya wanafunzi Weusi walio katika miaka ya mwanzo ya chuo, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Mwajiri wa kawaida hutaka mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekwisha kufanya kazi mahali pengine, lakini hasemi huyo wa mwaka wa kwanza aupate wapi huo uzoefu. Kumpokea mtu kabla hajawa na chochote cha kujivunia kwenye wasifu wake ni msaada mkubwa kuliko kumwongezea dola chache yule ambaye tayari anagombewa na kampuni tatu.

Nikizitazama kama huduma, naona kwamba thamani yao iko zaidi kwa walezi kuliko kwenye mshahara. Mzazi aliyefika Marekani akiwa mtu mzima, hata kama amesoma sana, mara nyingi hana mtu wa kumpigia simu katika viwanda vya anga vya Huntsville, Alabama, au El Segundo, California, wakati mwanafunzi mwenzake wa mtoto wake ana mjomba aliyestaafu huko. Mlezi anayekubali kusoma wasifu wako na kukutambulisha kwa mwenzake huziba pengo hilo kwa kiasi ambacho tovuti za ajira haziwezi. Hata maombi yenyewe yana faida, kwa sababu maswali yake humlazimisha mwombaji kujieleza yeye ni nani, badala ya kupanga alama zake tu.

Dosari yao kubwa ni kwamba mshahara hulipwa na mwenyeji, kwa hiyo wanafunzi wawili wa kundi moja wanaweza kupata hali tofauti kabisa. Tuseme mmoja analipwa dola 25 kwa saa, kwa saa 40 kila wiki, katika wiki 12: atapata dola 12,000 kabla ya kodi. Akiwa katika mji ambao chumba ni dola 2,000 kwa mwezi, nusu ya fedha hizo itaishia kwa mwenye nyumba. Mwingine anayelipwa kidogo lakini akapewa malazi na nauli anaweza kurudi chuoni na akiba kubwa zaidi. Kwa maoni yangu suala la malazi lingepaswa kuwa sharti kwa kila mwenyeji, na hadi litakapokuwa hivyo, mwombaji aliulize kwa maandishi kabla ya kukubali nafasi, pamoja na swali la kama saa zinazozidi 40 hulipwa mara moja na nusu.

Kikwazo kingine hakitokani na programu hizi, nazo hazina uwezo wa kukiondoa. Kanuni za Marekani za kudhibiti teknolojia ya silaha, zinazojulikana kama ITAR, zinagusa roketi na baadhi ya vifaa vya anga za juu, na zinamtaka mwajiri awe na kibali cha serikali kabla ya kumwonyesha mgeni michoro ya kiufundi. Waajiri wengi hawataki usumbufu huo kwa ajili ya mtu wa miezi mitatu. Kwa hiyo kijana aliyetoka Nairobi au Dodoma kwa viza ya masomo ya F-1, hata akiwa na alama za juu kabisa, atakuta nafasi nyingi zimefungwa. NASA nayo, kwa mafunzo yake ya kawaida, inataka uraia wa Marekani na wastani wa alama usiopungua 3.0 kati ya 4.0, isipokuwa kwa wanaotoka nchi zenye makubaliano maalumu nayo. Mwenye F-1 atafute wenyeji wa usafiri wa anga wa kiraia, ushauri wa biashara na uchambuzi wa takwimu, na akumbuke kwamba CPT, ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake, kwa kawaida hutolewa baada ya mwaka mzima wa masomo.

Hata hivyo kuna kundi ambalo hujitoa bila sababu. Familia nyingi za Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili ziliingia Marekani kama wakimbizi, na watoto wao, wakisoma maneno ya tangazo yanayotaja ITAR, hudhani wanaambiwa wasiombe. Ukweli ni kwamba kanuni hizo zinawahesabu wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi waliopokelewa na watu waliopewa hifadhi katika kundi moja na raia. Jambo hilo lilifika hata mahakamani: Agosti 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishitaki SpaceX kwa madai ya kuwabagua wakimbizi na waliopewa hifadhi katika ajira, kampuni ikapinga, na mwaka 2025 wizara hiyo ikaliondoa shauri. Mwenye hadhi hiyo aombe kama mwingine yeyote, na akiulizwa aeleze hadhi yake kwa usahihi.

Kwa binti wa Kiafrika aliye mwaka wa kwanza au wa pili ningeiweka ya Patti Grace Smith mbele, kisha ya Brooke Owens, na ile ya Isakowitz aisubiri hadi akaribie kuhitimu. Asome upya masharti ya mwaka husika kabla ya kuandika, na aanze kuyatafuta mwezi Septemba, kwa sababu nafasi za majira ya joto katika sekta hii huanza kugawanywa kabla mwaka mpya haujaanza.